Kyalami ya leo ndiyo ile ya Jim Clark? Na kwa nini Formula One iliiacha mara mbili?

Mwalimu wa Kisumu ameuliza:

Hamjambo, wapenzi wa langalanga. Mpwa wangu anafanya kazi Johannesburg, na majuzi alinitumia picha aliyopigwa kwenye uwanja wa mbio za magari wa Kyalami, akaandika chini yake kwamba amesimama mahali ambapo Jim Clark, yule dereva bingwa wa miaka ya 1960 kutoka Uskoti, alipata ushindi wake wa mwisho wa Formula One. Nilipomwonyesha jirani yangu, ambaye amefuatilia mbio hizi tangu zilipokuwa zikisikika redioni tu, alicheka na kuniambia kwamba kijana amedanganywa na jina, kwa kuwa Kyalami ya Clark iko chini ya majengo ya ofisi. Tulibishana hadi usiku bila kuelewana.

Ningependa kujua ni nani kati yao aliye na ukweli. Ningependa pia kujua kwa nini uwanja wenye sifa kubwa namna hiyo uliachwa na Formula One, tena mara mbili, ilhali hakuna nchi nyingine ya Afrika kusini mwa Sahara iliyowahi kuandaa mbio za ubingwa wa dunia za aina hiyo. Tangu Rwanda itangaze Desemba 2024 kwamba inazitaka, wanafunzi wangu wamekuwa wakiniuliza habari za Afrika na Formula One, nami sipendi kuwajibu kwa kubahatisha. Mwenye kujua miaka na sababu, tafadhali anifafanulie.

Mzee wa Langa Langa, Nakuru, amejibu:

Mwalimu, msalimie jirani yako na umwambie kwamba kwa sehemu kubwa yeye ndiye mwenye ukweli, ingawa mpwa wako naye hakukosa kabisa. Barabara iliyopo Kyalami leo imerithi majina ya kona za zamani, lakini lami yenyewe ni nyingine, na katika sehemu nyingi haipiti kabisa pale ilipopita mwaka 1968.

Uwanja ulijengwa mwaka 1961 huko Midrand, kati ya Johannesburg na Pretoria, na ukafunguliwa Novemba mwaka huo kwa mashindano ya magari yaliyodumu kwa muda wa saa tisa mfululizo. Mwezi uliofuata Jim Clark alishinda hapo Rand Grand Prix, ambayo haikuwa ikihesabiwa katika ubingwa wa dunia. Mashindano makubwa ya nchi hiyo wakati ule yalikuwa yakifanyika East London, mji wa pwani uliokuwa umeandaa Grand Prix tangu mwaka 1934, na huko ndiko Graham Hill alikotwaa ubingwa wake wa kwanza tarehe 29 Desemba 1962, baada ya gari la Clark, aliyekuwa akiongoza, kuvuja mafuta ya injini. Mwaka 1967 mashindano yalihamia Kyalami, na East London haikuyapata tena.

Kyalami ya awali ilikuwa na urefu wa kilomita 4.1 hivi. Sifa yake kubwa ilikuwa barabara ndefu iliyonyooka ikiteremka kwa kasi kuelekea kona ya kulia iliyoitwa Crowthorne, na baada ya hapo madereva walipita Barbecue, Jukskei, Sunset, Clubhouse na Leeukop kabla ya kurudi tena kwenye mnyooko. Timu za Ulaya ziliupenda uwanja huo kwa sababu nyingine pia: Ulaya inapokuwa na theluji, Johannesburg iko katika majira ya joto, kwa hiyo zilipeleka magari na magurudumu huko kufanyiwa majaribio kabla ya msimu kuanza.

Katika mbio zote zilizofanyika hapo, zile za kwanza za ubingwa wa dunia, tarehe 2 Januari 1967, ndizo ninazozipenda zaidi, na nashangaa kwamba wapenzi wengi wa mbio katika Afrika Mashariki hawazijui. John Love alikuwa dereva kutoka Bulawayo, katika nchi iliyoitwa Rhodesia wakati huo, naye alikuwa na umri wa miaka 42. Gari lake lilikuwa Cooper iliyokwishatumiwa na wengine, yenye injini ya Climax ya silinda nne na ujazo wa lita 2.7, iliyoundwa kwa ajili ya mbio fupi za Australia na New Zealand. Kwa kuwa tangi lake halikutosha safari ya mizunguko 80, aliongezewa matangi mengine ya pembeni. Magari ya timu kubwa yalianza kuharibika moja baada ya jingine chini ya jua kali, na Denny Hulme, aliyeongoza kwa muda mrefu, akapata tatizo la breki. Ghafla Love akajikuta mbele ya mabingwa wa dunia, akiwa na gari ambalo hakuna aliyelitarajia hata kufika mwisho. Zikiwa zimebaki raundi chache tu, injini yake ilianza kukohoa kwa kukosa mafuta, ikambidi aingie kuongezewa. Aliporudi barabarani, Pedro Rodríguez wa Mexico alikuwa amekwisha kumpita kwa Cooper yenye injini ya Maserati, na Love akamaliza wa pili. Kama mafuta yangetosha, angekuwa dereva wa kwanza kutoka Afrika kushinda mbio za ubingwa wa dunia wa Formula One. Sifa hiyo ilibaki bila mwenyewe hadi Jody Scheckter aliposhinda nchini Sweden mwaka 1974. Scheckter huyo huyo alishinda Kyalami mwaka 1975, na hakuna mzaliwa mwingine wa Afrika Kusini aliyewahi kushinda mbio hizo nyumbani tangu zilipoingia katika ubingwa wa dunia.

Ushindi wa Clark anaoutaja mpwa wako ni wa tarehe 1 Januari 1968, akiendesha Lotus. Ulikuwa ushindi wake wa 25 katika ubingwa wa dunia, akaipita rekodi ya Juan Manuel Fangio ya ushindi 24. Miezi mitatu baadaye, tarehe 7 Aprili, alifariki katika mbio za Formula Two huko Hockenheim, Ujerumani.

Sasa nirudi kwenye ubishi wenu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 uwanja ulipangwa upya kabisa. Ule mnyooko wa kuteremka, pamoja na Crowthorne, Barbecue na Jukskei za awali, ulikatwa na ardhi yake ikaingia katika ujenzi wa ofisi, na kilichobaki ndani ya umbo jipya ni kipande cha nyuma, upande wa Sunset na Clubhouse. Majina ya kona zilizokufa yalipewa kona mpya, na hapo ndipo wageni wengi wanapochanganyikiwa. Mwaka 2014 uwanja wote uliuzwa katika mnada kwa randi milioni 205, ukanunuliwa na Toby Venter, mkuu wa kampuni inayouza magari ya Porsche nchini humo, naye akaujenga upya na kuurefusha hadi kilomita 4.5 hivi. Kwa hiyo kama mpwa wako alipigwa picha karibu na Clubhouse, amekaribia njia aliyopita Clark. Kama alipigwa Crowthorne, alisimama kwenye kona ambayo Clark hakuwahi kuiona.

Fundi wa Injini, Nakuru, amejibu:

Mzee ameeleza vizuri sana, lakini ameacha jambo moja ambalo sisi tunaokaa huku juu tunapaswa kulielewa kuliko watu wa Mombasa. Kyalami iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mwalimu, Kisumu yako iko mita 1,130 hivi, Nakuru yetu karibu mita 1,850, na barabara ya kwenda Eldoret ikifika Timboroa inakuwa imepita mita 2,700. Kadiri mtu anavyopanda ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi, na injini inayovuta hewa kwa nguvu zake yenyewe hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Maana yake ni kwamba gari lililotengenezwa Ulaya na kupimwa usawa wa bahari lilifika Kyalami likiwa limepungukiwa na karibu asilimia 15 ya nguvu zake kabla hata dereva hajakanyaga mafuta.

Jambo hili ninaliona kwa macho katika gereji. Pikapu ya zamani yenye kabureta, ikiwa imerekebishwa vizuri kule Kisumu, inapopanda Kericho na kuvuka Mau Summit huanza kutoa moshi mweusi na kuchoka milimani, kwa sababu kabureta inaendelea kumimina petroli ile ile huku hewa ikiwa imepungua. Ukifungua plagi unaikuta nyeusi, imefunikwa na masizi makavu yanayopanguka kwa kidole. Dawa yake ni kubadilisha jeti na kuweka yenye tundu dogo zaidi, lakini hiyo hurekebisha mchanganyiko tu. Nguvu zilizopotea hazirudi, kwa sababu hewa yenyewe haipo.

Ndiyo maana Kyalami ina nafasi yake katika historia ya turbo. Renault ilileta injini ya turbo katika Formula One mwaka 1977, huko Silverstone, na kwa muda magari yake yalichekwa kwa jinsi yalivyokuwa yakiungua na kufuka moshi. Turbo hutumia moshi unaotoka kuzungusha feni inayoishindilia injini hewa, kwa hiyo upungufu wa hewa wa Kyalami haukuiathiri kama ulivyowaathiri wapinzani. Mwaka 1979 Jean-Pierre Jabouille alipata hapo nafasi ya kwanza ya kuanzia, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa gari la turbo kuanza mbele ya mengine yote, ingawa mshindi siku hiyo alikuwa Gilles Villeneuve wa Ferrari. Mwaka 1980 René Arnoux alishinda kabisa kwa Renault. Mwaka 1982 Alain Prost alishinda hapo kwa Renault hiyo hiyo baada ya gurudumu kupasuka na kumshusha hadi nafasi ya nane, akawarudia waliompita mmoja mmoja, jambo ambalo lisingewezekana kama magari yote yangekuwa na nguvu zinazolingana. Na Oktoba 1983 Nelson Piquet alitwaa ubingwa wa dunia hapo hapo Kyalami kwa Brabham yenye injini ya BMW, akawa bingwa wa kwanza mwenye turbo. Injini hizo zingefanikiwa tu hata bila Kyalami, lakini ni hapo ambapo wapinzani walilazimika kukubali mapema.

Hewa nyepesi ina madhara mengine ambayo watazamaji hawayafikirii. Mabawa ya gari hutegemea hewa kulisukuma gari chini, kwa hiyo mshiko hupungua kwenye kona za kasi, na rejeta na breki nazo hupozwa kwa shida zaidi.

Msomaji wa Eldoret amejibu:

Ninawashukuru wote wawili kwa maelezo ya kina. Hata hivyo, nimesoma majibu marefu kuhusu Afrika Kusini ya miaka ya 1960, 1970 na 1980 bila kukutana hata mara moja na neno ubaguzi wa rangi, nami naona kwamba swali la Mwalimu la kwa nini mbio ziliondoka haliwezi kujibiwa kwa injini na lami peke yake.

Uwanja huu ulifunguliwa mwaka mmoja na miezi michache baada ya polisi kuwaua watu 69 huko Sharpeville, Machi 1960. Michezo mingine ilianza kuifungia Afrika Kusini mlango karibu wakati huo huo: FIFA iliisimamisha mwaka 1961, kisha Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikaizuia kwenda Tokyo mwaka 1964 na kuifukuza kabisa mwaka 1970. Formula One haikufanya hivyo. Iliendelea kwenda Kyalami karibu kila mwaka hadi 1985, na wenye timu walipoulizwa walisema kwamba michezo ni michezo na siasa ni siasa.

Sisi tulio huku Bonde la Ufa tunajua gharama ya msimamo ulio kinyume cha huo, kwa sababu tuliilipa. Mwaka 1976 Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizoisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini. Mike Boit, aliyekuwa amepata medali ya shaba ya mita 800 mwaka 1972 na ambaye alikuwa miongoni mwa waliotarajiwa kupambana kwa dhahabu, hakukimbia. Henry Rono, ambaye mwaka 1978 alivunja rekodi nne za dunia, hakuwahi kushiriki Olimpiki yoyote. Miezi minne kabla ya Montreal, madereva wa Formula One walikuwa Kyalami kama kawaida, na Niki Lauda akashinda. Mimi sisemi kwamba Lauda alikuwa mtu mbaya, lakini tukisimulia historia ya uwanja huo kwa kuorodhesha washindi tu, tutakuwa tumeisimulia nusu.

Mwisho wa kipindi hicho ulifika mwaka 1985. Serikali ya Pretoria ilitangaza hali ya hatari mwezi Julai, na mataifa mengi yakazidisha vikwazo. Mbio zilipangwa kufanyika Jumamosi tarehe 19 Oktoba. Siku moja kabla, mshairi Benjamin Moloise alinyongwa gerezani Pretoria licha ya maombi kutoka pembe zote za dunia. Timu mbili za Ufaransa, Renault na Ligier, zilikuwa zimekwisha kujiondoa kwa msukumo wa serikali yao. Wengine walikwenda, Nigel Mansell wa Williams akashinda, na baada ya hapo Formula One haikurudi kwa miaka mingi. Iliporejea tarehe 1 Machi 1992, Nelson Mandela alikuwa ametoka gerezani miaka miwili kabla, na wiki mbili baadaye Wazungu wa nchi hiyo wakapiga kura ya maoni na kukubali mazungumzo ya kumaliza ubaguzi.

Mwalimu wa Kisumu ameandika:

Ahsanteni sana, nimepata zaidi ya nilichotafuta. Ninalo swali dogo kwa Mzee. Jirani yangu alitaja ajali mbaya ya miaka ya 1970 iliyohusisha mtu aliyekuwa akivuka barabara, lakini hakukumbuka majina. Je, ni ya kweli? Na mwenye kujua anieleze pia kuondoka kwa mara ya pili, kwa maana Msomaji wa Eldoret ametufikisha 1992 akatuacha hapo.

Mzee wa Langa Langa, Nakuru, amejibu:

Msomaji wa Eldoret ana haki ya kuninyooshea kidole, na ninaunga mkono kila alichoandika isipokuwa kimoja: wapo walioshiriki mbio hizo ambao hawakuwa na chaguo kubwa, hasa mafundi wa timu ndogo ambao wasingeenda wangepoteza kazi. Hilo tunaweza kulijadili siku nyingine.

Ajali hiyo, Mwalimu, ilitokea tarehe 5 Machi 1977. Gari la Renzo Zorzi, la timu ya Shadow, lilizimika na kusimama kando ya mnyooko, upande wa pili kutoka kwenye gereji za timu, na moto mdogo ukaanza kuwaka. Wasimamizi wawili wa usalama walikimbia kuvuka barabara ili wauzime. Mahali hapo barabara ilikuwa na kilele kidogo, hivi kwamba dereva aliyekuwa akija hakuweza kuona kilichokuwa mbele yake hadi akipande. Msimamizi wa kwanza alivuka salama kwa nafasi ndogo sana. Wa pili, Frederik Jansen van Vuuren, kijana wa miaka 19 aliyekuwa amebeba mtungi wa kuzimia moto, aligongwa na gari la Tom Pryce lililokuwa likienda karibu kilomita 270 kwa saa, na mtungi ule ukampiga Pryce kichwani. Wote wawili walikufa papo hapo. Gari la Pryce liliendelea kushuka lenyewe hadi Crowthorne, likagonga gari la Jacques Laffite. Jambo linaloumiza zaidi ni kwamba Pryce na Zorzi walikuwa wa timu moja, na Zorzi alikuwa amekwisha kutoka garini mwake akiwa mzima.

Haikuwa mara ya kwanza kwa uwanja huo kuua. Peter Revson wa Marekani, naye pia wa timu ya Shadow, alifariki Barbecue Machi 1974 wakati wa majaribio. Kwa upande mwingine, ni hapo hapo mwaka 1973 ambapo Mike Hailwood aliingia kwenye moto mara ya kwanza, nguo zake zikashika, akazimwa, akarudi tena kumtoa Clay Regazzoni aliyekuwa amezimia ndani ya gari linalowaka. Uingereza ilimtunuku Nishani ya George kwa kitendo hicho. Anayefuatilia Safari Rally hapa kwetu na kuona wasimamizi wakiwazuia watu wasivuke njia hata kama hakuna gari linalosikika, asiwaone wakali bure.

Mfuatiliaji wa Kakamega amejibu:

Nijibu lile la mara ya pili. Mwaka 1992 Mansell alishinda tena, safari hii kwenye umbo jipya alilolieleza Mzee, na mwaka 1993 akashinda Prost. Hizo ndizo mbio za mwisho za Formula One katika bara la Afrika hadi leo. Siasa haikuwa kikwazo tena. Kikwazo kilikuwa fedha. Ada ya kuandaa mbio hizi hulipwa kila mwaka kwa fedha za kigeni, na nchi iliyokuwa ikijiandaa kwa uchaguzi wake wa kwanza wa watu wote, wa Aprili 1994, haikuwa na sababu ya kuipa ada hiyo kipaumbele. Uwanja uliendelea kuishi kwa mashindano mengine, yakiwemo ya pikipiki za Superbike yaliyoanza kwenda huko mwaka 1998, na mbio zile za saa tisa zilifufuliwa Novemba 2019.

Sisi Wakenya tunaielewa hali hiyo. Safari Rally ilitolewa katika ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002 kwa upungufu wa fedha na maandalizi, ikarudi Juni 2021 na makao yake yakawekwa Naivasha, katika kaunti ya Nakuru, baada ya Serikali kukubali kubeba gharama. Tofauti ni kwamba Safari inatumia barabara za vumbi za Soysambu, Elmenteita na Hell's Gate ambazo zipo tayari. Formula One inahitaji uwanja wenye daraja la kwanza la FIA, shirikisho la kimataifa linalosimamia mbio za magari, na kiwango hicho hakipo popote Afrika kwa sasa. Ndiyo maana nawaomba wanaoandika mitandaoni kwamba Kenya nayo iombe mbio hizo watueleze kwanza uwanja utajengwa wapi, na utafanya nini katika wiki nyingine 51 za mwaka.

Kyalami yenyewe iko daraja la pili. Katikati ya mwaka 2025 FIA iliidhinisha michoro ya kuuinua hadi daraja la kwanza, na kazi inayotakiwa si ya kubadilisha umbo la barabara. Inahusu kupanua maeneo ambayo gari likikosa kona hupunguza mwendo kabla ya kufika ukutani, kuimarisha vizuizi na nyavu za kuwakinga watazamaji, kurekebisha kingo za barabara na mitaro ya maji. Kwa kulinganisha na kujenga uwanja mpya, hiyo ni kazi ndogo, na kwa maoni yangu inaiweka Afrika Kusini mbele ya Rwanda, ambayo bado haina uwanja. Hata hivyo, michoro kuidhinishwa na mkataba wa mbio kutiwa saini ni mambo mawili tofauti, na ada ile iliyoishinda Kyalami baada ya mwaka 1993 imepanda sana tangu wakati huo.